Dalali Mmoja na Ndoo Moja ya Rangi

Nyumba yetu ilikuwa na vibao vya "Inauzwa" vingi kuliko madirisha. Mama alinipa kazi ya kuiuza, na mimi nikajiambia kama dalali mmoja ni mzuri, basi wengi ni wazuri zaidi. Kila aliyekuja na simu mbili na bahasha kwapani nikampa kazi. Kila mmoja akapigilia kibao chake, na kila mmoja akaipachikia bei yetu cha juu chake, pesa ya kutia mfukoni mwake. Nilidhani nimetega mitego mingi. Kumbe nilikuwa nafukuza ndege.

Mama alikuwa na sababu ya haraka. Nyumba yetu iko mgongoni mwa kilima, na kutoka barabarani mpaka mlangoni ni ngazi tupu. Magoti yake yalishakataa. Akitoka sokoni alikuwa anapumzika katikati ya ngazi, mzigo pembeni, anajifanya anasalimia watu. Sasa jirani wa Mama Mkubwa, dada yake mama, huko bondeni kwenye ardhi tambarare, alikuwa anauza kinyumba kidogo kizuri. Alikubali kumngojea mama mpaka mwisho wa mwezi kwa heshima tu ya Mama Mkubwa, na heshima nayo ina mwisho. Tukiuza ya kwetu kwa bei ya kutupa, mama angepata nusu nyumba, na nusu nyumba haina paa.

Siku moja mwalimu mmoja akaja asubuhi na dalali wa kwanza, akaangalia, akaambiwa bei. Jioni akaletwa na dalali mwingine kwenye nyumba ile ile, bei imepanda. Akaniangalia akacheka. Akasema kesho akija na wa tatu labda atauziwa mpaka kilima. Hakurudi. Mtaani wakaanza kusema nyumba ile ina kesi, ndiyo maana inatangazwa na kila mtu na hainunuliwi na yeyote. Mwingine aliyekuja akaponda jiko letu, akasema ni dogo. Nikamwambia akapike kwao. Huyo naye akaenda.

Mama Mkubwa aliposikia, alimtuma mtu wake. Mama mmoja mnene, dalali wa siku nyingi, ana rundo la funguo kiunoni unalolisikia kabla hujamwona. Watu wanamwita Mama Funguo. Alifika, akasimama barabarani, hakupanda. Akanyoosha kidole kwenye vibao akaniuliza hapa tunauza nyumba au tunauza mbao.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Vibao vyote vishuke. Dalali awe mmoja, bei moja, na malipo yake yaandikwe leo mbele ya mama, kila mtu ayajue. Cha juu hataki. Mimi nikaanza ubishi. Nikamuuliza, na akishindwa je?

"Nikishindwa mpaka mwezi uishe, waite wenzako warudi na nyundo zao," akasema. "Lakini mimi na wao hatupikwi chungu kimoja."

Mama akasema, "Mpe." Tukaandika.

Basi akaniambia niingie ndani kama mtu anayenunua. Niliona ni mchezo wa kitoto. Nikasukuma mlango, ukagoma, nikaupiga bega kama kawaida, ukafunguka. Yeye akauliza mnunuzi naye aje na bega lake? Miaka yote naupiga ule mlango bega, sikuwahi kujua ni mbovu. Tukaingia sebuleni, giza, maana kabati la mama limeziba dirisha. Jikoni bomba linadondosha tone, tone, tone. Kwenye dari kuna doa la kahawia limeenea kama ramani. Stoo inanuka magodoro ya zamani. Nilikuwa naishi humo na nilikuwa sioni kitu. Mtu hanusi nyumba yake.

Nilikuwa na akiba kidogo ya vibarua, na mipango yangu nilishaipanga. Dari la kisasa lenye maua, vigae vya jikoni, taa zile zinazobadilika rangi. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Mama Funguo alizitazama zote, kwa adabu kabisa, akanirudishia simu.

"Bwana Haraka," akasema, "unataka kumvalisha suti mtu ambaye hajaoga."

Akanieleza, na hili nalisema kwa yeyote mwenye nyumba ya kuuza: mnunuzi halipii ulichoongeza, anakata kwa kilichoharibika. Bomba likidondosha tone moja, kichwani kwake ameshabadilisha mabomba yote ya nyumba, na pesa yake anaitoa kwako. Kwa hiyo anza na maji, halafu mlango, halafu mwanga, halafu harufu. Rangi mwisho. Vigae waachie wenye nyumba wapya, wana macho yao.

Bomba lilikuwa mpira tu, kitu cha bei ya chai. Mlango ulikuwa bawaba zimelegea, nikaweka skrubu ndefu zaidi, nikapiga randa kidogo chini, ukawa unafunguka kwa kidole. Mama aliufungua na kuufunga asubuhi nzima kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea. Magodoro nikayatoa, stoo nikaiosha kwa sabuni, nikaiacha wazi ipigwe upepo.

Kwenye doa la dari ndipo nilipotaka kupita njia ya mkato. Ndoo ya rangi ilikuwepo, brashi ipo, nikasema napaka hapo juu, nani atajua. Mama Funguo akanishika mkono.

"Rangi ni shuka. Mgonjwa ukimfunika hajapona."

Nikapanda juu ya paa. Mama chini ameshika ngazi huku ananiambia nikianguka nisitegemee atanilia, amechoka. Nikakuta misumari ya bati imeoza mipira yake, maji yanapita pale pale. Nikang'oa, nikapiga mipya, nikaziba kwa lami. Kisha nikawa namwaga maji ndoo kwa ndoo, mama yuko ndani anatazama dari, nampigia kelele kutoka juu kama anaona kitu, ananijibu anaona mtoto wake kichaa anaoga juu ya paa. Pakavu. Hapo ndipo nikabadilisha ubao wa dari ulioharibika. Upande wa nyuma wa paa mabati yalikuwa ya zamani, hayavuji, lakini yamechoka. Pesa ya kuyabadilisha yote hatukuwa nayo. Nikayaacha.

Vita ilikuwa ni kabati. Marehemu baba ndiye aliyelitengeneza, kwa mbao nzito kweli, na mama hakutaka mtu aliguse. Nilisema litoke, akasema nitoke mimi. Mama Funguo akakaa naye jikoni, hakunitaka nisikie, lakini kuta zetu si nene. Akamwambia: wewe unahama, kabati linahama, basi litangulie kwa dada yako likakusubiri.

Mama akauliza, "Na nisipoipata ile nyumba?"

"Utaipata. Kabati litakuvuta."

Nikalifungua kipande kwa kipande, vijana wa mtaani wakanisaidia kulishusha zile ngazi. Mama alisimama mlangoni anatazama mali ya mumewe inateremka kilima. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana sasa tukishindwa, mama amebaki na nyumba asiyoiweza na kabati liko kwa watu. Nikageuka nyuma, nikaona sebule. Jua lilikuwa limeingia mpaka ukutani. Sikuwa nimewahi kujua kama sebule yetu ni kubwa.

Rangi niliitaka bluu iliyokolea. Nikaambiwa bluu nikapake chumba changu siku nikioa. Tukachukua ya maziwa, ndoo moja tu, ikatosha sebule, uso wa nyumba na geti. Kuta nyingine nilizisugua kwa msasa na maji ya sabuni. Nikafyeka majani kando ya ngazi. Na kwa bomba la chuma lililokuwa limelala nyuma ya nyumba, mchomeleaji wa jirani akanifungia mkono wa kushikia kutoka barabarani mpaka mlangoni. Mama akaushika, akapanda, akafika juu bila kusimama. Akanitazama kwa hasira.

"Ungeweka hiki mapema nisingehama."

"Kwa hiyo tusiuze?"

"Uza. Nimeshatuma kabati."

Madalali wangu wale wa mwanzo walikuwa wanaleta watu jioni, wakishamaliza shughuli zao, wakati nyumba imeshaingia kivuli. Mama Funguo alileta wake asubuhi, jua likiwa dirishani. Mke alikuwa muuguzi, mume dereva wa lori, na mume akaja na fundi wake, mzee wa tochi na nyundo ndogo. Kabla hawajapanda, Mama Funguo alinivuta pembeni akanipa amri. Nikiulizwa nijibu, na nijibu kweli. Nisipoulizwa, meno ninayo, niufungie ulimi ndani. Na bei ikitajwa, nisiwe wa kwanza kusema. Anayekimbilia kusema ndiye anayelipa.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko paa.

Dereva alianza kazi yake chini kabisa. Ngazi nyingi. Mlango mwembamba. Jiko dogo. Akalirudia jiko, akasema hapa mtu akikaanga yai lazima atoke nje kuligeuza. Nilihisi jibu limenifika kwenye koo. Nikalimeza. Mama Funguo anatikisa funguo zake taratibu, anatazama dirisha kana kwamba hajaleta mtu. Muuguzi alikuwa amesimama sebuleni kwenye jua, kiatu kimoja amekivua.

Fundi akagonga kuta, akafungua bomba, akalifunga, akachungulia chini ya sinki. Kisha akaelekeza tochi kwenye dari akanigeukia mimi.

"Paa linavuja?"

Funguo zikanyamaza. Najua wanachosema wauzaji wote hapo. Hata mimi kabla ya mwezi ule ningekisema, tena kwa kuapa.

"Lilikuwa linavuja," nikasema. "Hapo hapo unapomulika. Nimebadilisha misumari na huo ubao ni mpya. Upande wa nyuma mabati ni ya zamani. Leo hayavuji, lakini hayatafika mbali, miaka michache mtayabadilisha. Ngazi ipo nje, panda uone."

Akapanda. Tulimsikia anatembea juu, anasimama, anagonga, anatembea. Hakuna aliyekaa. Aliposhuka alijifuta mikono na kumwambia bosi wake, "Ni kama alivyosema. Hajapunguza, hajaongeza."

Dereva akaona mlango wa biashara. Akasema basi, kama mabati yamechoka, bei nayo ichoke. Akataja yake. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba mama alikaa chini.

Nikatazama sakafu. Nikatazama vidole vyangu, vyote vina rangi ya maziwa. Maneno yalikuwa yanasukumana mdomoni kama watu kwenye foleni ya maji, na mimi nimesimama mlangoni nimewazuia wote. Mama Funguo hata hakukohoa.

Aliyesema ni muuguzi. Hakutuambia sisi, alimwambia mumewe.

"Nyumba zote tulizoangalia tuliambiwa hazivuji, na zote zilikuwa zinavuja. Huyu ndiye wa kwanza kutuonyesha pa kutazama. Mimi nataka hapa."

"Mama watoto, unaniharibia biashara," dereva akasema.

"Biashara yako ni lori."

Fundi alicheka kwanza, halafu dereva mwenyewe. Mama akainuka kwenye kiti. Magoti yakalia, lakini alisimama wima, akasema bei ni ile waliyopanga na dalali, na gharama ya mabati ya nyuma ilishatolewa humo tangu siku ilipopangwa. Ni kweli, Mama Funguo aliyapigia hesabu kabla ya kupanga bei, na mimi nilikuwa nimebishana naye siku nzima kwa nini anatushusha. Mama Funguo sasa akafungua bahasha, akamwonyesha dereva karatasi ya hesabu hiyo, yenye tarehe. Akaisoma. Akamtazama mkewe, ambaye alishaanza kupima dirisha kwa viganja, anawaza mapazia.

"Haya," akasema. "Haya, mmenishinda."

Tuliandikishana kwa mwanasheria, mbele ya mashahidi. Mama Funguo akapokea chake kile kile kilichoandikwa, sikusikitika hata kidogo, tena nilimbebea mkoba mpaka barabarani. Akaniuliza kama nina kazi. Nikamwambia ninazo nyingi na hazilipi. Akasema ana nyumba nyingine ya mjane, ina mlango wa kusukumwa kwa bega, nije Jumatatu na skrubu ndefu.

Mama alipiga simu kwa dada yake pale pale nje ya ofisi, watu wanapita. Hakusalimia.

"Dada, mwambie huyo bwana asimwonyeshe mtu mwingine nyumba yangu."

Kigelegele cha Mama Mkubwa kilitoka kwenye simu mpaka mlinzi wa lango akageuka. Mama akajibu cha kwake. Mwanamke mtu mzima, katikati ya barabara, na wapita njia wawili wasiotujua wakapiga makofi.

Tulihamia bondeni kabla ya mwezi kuisha. Nilikuwa nabeba masanduku, nikamkosa mama. Nikatoka nje nikamwona anatembea kwenda kwa dada yake, njia yote tambarare, mikono mitupu, haraka haraka. Akafika, akagusa mlango, akarudi kwake. Akaingia, akatoka, akaenda tena. Nikamuuliza amesahau nini kule.

"Sijasahau kitu," akasema, wala hakusimama. "Niache nitembee."