Masikio ya Ugonjwa wa Kahambu

Tangu atoke hospitalini Himbi, Sikuli hakuweza kutulia. Alipanda pikipiki, akashuka kabla ya kufika nyumbani, akazungukazunguka kwenye mawe meusi ya volkano kama mtu aliyeangusha ufunguo. Nambari iliyoachwa hospitalini mkewe Kahambu alipopimwa kikohozi ilikuwa ya Sikuli, kwa hiyo simu ya daktari ilimfikia yeye. Alikuwa ameenda peke yake, akadai mkewe ndiye aliyemtuma.

"Ni saratani ya pafu," alisema Daktari Mukamazimpaka. "Na kile kipande tulichotoa pafuni, wenzetu wa utafiti wamekipima zaidi. Seli zake zimejaa vipokezi. Tuseme ni masikio. Mifupa na ubongo hutoa kemikali ziitwazo kemokini. Saratani yenye masikio mengi huzisikia, ikazifuata huko."

"Basi atakufa."

"Sijasema hivyo. Kwa wengi wenye vipokezi vingi namna hii, ugonjwa husambaa upesi. Lakini yeye ni mtu mmoja, siwezi kumpangia siku. Aanze dawa Jumatatu. Na mwambie, Papa. Mwili ni wake."

Kumwambia! Katika ukoo wa Sikuli, mgonjwa wa namna hiyo haambiwi. Baba yake alikufa akidhani ana vidonda vya tumbo. Dada yake Katungu, ambaye Sikuli alimpigia simu akiwa njiani, alikata neno: "Ukimwambia umemuzika. Nyamaza."

Nyumbani alimkuta Kahambu anakunja vitenge huku akikohoa. Mdogo wake Philomène alikuwa anaolewa Butembo, naye Kahambu angeondoka kesho yake asubuhi na kukaa huko mpaka maharagwe yavunwe. Sikuli alisimama mlangoni, akaingia, akatoka tena, akaingia.

"Papa Bénie," Kahambu alimwita kwa jina la mtoto wao, "siafu wamekuingia kwenye suruali?"

"Hakuna safari ya Butembo. Njia ya Rutshuru imefungwa."

Alijiona mjanja. Goma nzima hakuna uongo rahisi kuliko huo. Kila mtu amewahi kurudishwa njiani kwa sababu ya vita, hakuna anayeuliza mara mbili. Kahambu akaacha kukunja. Sikuli akaenda uani, akanyakua makaa, akaanza kuwasha jiko la mbabula kwa mikono yake ya fundi mawe, akipuliza mpaka majivu yakamjaa machoni. Alitaka tu mikono iwe na kazi.

Nyuma yake alimsikia mkewe akipiga simu kuulizia njia, simu ikiwa kwenye spika.

"Njia imefungwa?" Gradi, dereva wa basi, alicheka. "Na nani? Mimi niko Rutshuru sasa hivi, ninakula ndizi. Kesho asubuhi usichelewe, Mama Bénie."

Kahambu alikuja mpaka kwenye mbabula.

"Mume wangu anapika, na njia inafungwa hapa nyumbani tu. Ulienda hospitali."

"Nilienda kazini."

"Mikono haina vumbi la mawe. Sema."

Sikuli alisimama. Alitafuta pa kwenda, lakini ua ulikuwa mdogo na mkewe alikuwa mbele ya mlango. Basi akasema yote: pafu, vipokezi, masikio, mifupa, ubongo, Jumatatu, na onyo la Katungu. Alisema vibaya, akirukaruka, akirudia neno masikio kana kwamba yeye ndiye aliyeyatengeneza. Kahambu hakulia. Alikohoa, akatema pembeni, akafukia kwa mguu.

"Ningeondoka kesho," alisema. "Ningekaa mwezi. Hiyo saratani ingetembea na wewe ukiiona."

"Nilikuzuia!"

"Ulinizuia kama mbuzi. Lete simu yako yenye nambari ya daktari."

Akampigia daktari. "Ni mimi Kahambu mwenyewe. Futa nambari ya bwana yangu, andika hii ninayokutajia." Akaitaja taratibu. "Sasa sema: nikienda harusi ya Jumamosi, nirudi Jumapili, Jumatatu nianze, ni mbaya?"

Alisikiliza kwa muda mrefu. Sikuli alimzunguka mara upande huu, mara ule, akijaribu kusikia.

"Anasema nini?"

Kahambu aliinua kiganja kumnyamazisha, akaendelea kusikiliza. Kisha akashukuru na kukata.

"Sitaenda. Anasema gari likiharibika njiani nitaikosa Jumatatu, na siku hiyo hairudi. Sasa toka nje ya ua nimwambie Philomène. Na Katungu nitamwambia mimi mwenyewe kwamba najua."

Sikuli alitoka. Nje ya ukuta alimsikia mkewe akianza, "Mdogo wangu, keti kwanza," kisha kikohozi, kisha kilio chake cha kwanza. Aligeuka haraka arudi ndani, akakuta mlango wa ua umefungwa kwa komeo.