Jina Alilopewa Mugeni Kitabuni

Jua lilipokuwa linashuka, Benedeta alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mjini Busia upande wa Uganda, akichambua maharage ya kuuza kesho yake. Upande wa pili wa ungo alikaa mdogo wake, Mugeni, ambaye alikuwa amekufa zamani. Mugeni alikuwa na macho makali kuliko yeye. Vile vijiwe vinavyofanana na maharage, ambavyo huvunja meno ya wateja na kuleta maneno sokoni, yeye aliviona mara moja akavitupa majanini.

Alikuwa akija hivyo jioni nyingi, tangu kaka yao Wabwire alipozika mgomba badala ya mwili, kwa kuwa mwili haukupatikana. Hakunywa chai wala hakula. Alipenda kusikia habari za soko, askari gani wa mpakani amehamishwa, malori mangapi yamekwama Malaba. Giza likianza kuingia alikung'uta sketi, akakatiza uani, akatoka kwa lango la mbele, na majirani waliokuwa nje walimsalimu.

Mugeni alikufa Paya, katika kambi ya mtu aliyejiita Baba Hema. Alikwenda huko na mwenzake wa shule, Patricia, wakiwa wasichana, wakitafuta maombi ya kufaulu mtihani. Baba Hema aliwanyang'anya watu majina siku waliyoingia. Wote waliitwa Kondoo, na aliyetaja jina lake la kwao alilala nje. Mchana na usiku waliimba kwa zamu, wawili wawili, mmoja akianzisha na mwingine akiitikia, kwa sababu walifundishwa kwamba wimbo ukikatika, Bwana atapita bila kuwachukua. Baba Hema mwenyewe alilala chumba cha jirani. Kelele hazikumsumbua. Kilichomwamsha ni kimya.

Usiku Patricia alipotoroka, ilikuwa zamu yao wawili. Mugeni aliimba sehemu ya kuanzisha, kisha akageuza sauti akaimba sehemu ya kuitikia, mpaka alfajiri, na Baba Hema akalala vizuri. Kulipokucha walimfungia Mugeni ghalani bila chakula. Patricia alifika Busia miguu ikiwa imevimba, akamwambia Benedeta akilia yote aliyoyajua; ya ghalani yalisimuliwa baadaye na wengine waliotoka kambini. Patricia alisema kwamba kila walipolala walinong'onezana majina yao, Patricia, Mugeni, Patricia, Mugeni, ili yasiwapotee. Serikali ilipokwenda Paya ilikuta ghala tupu. Baba Hema alikufia gerezani kwa ugonjwa wa sukari, na pale palipokuwa na kambi sasa pamelimwa mtama.

Patricia alikwenda Kampala. Sauti aliyoizoeza Paya ilimfaa. Akaimba nyimbo za injili, akapata kipindi cha televisheni, akajulikana mpaka Nairobi. Halafu akaandika kitabu cha maisha yake, namna alivyonusurika kambini na kutoroka. Kwanza kilitoka kwa Kiingereza, kikauzwa sana, kikatolewa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo ya mpaka, na nakala nyingi zikagawiwa bure makanisani. Ndivyo kilivyofika katika darasa la watu wazima ambako Benedeta alikuwa akijifunza kusoma, jioni, baada ya soko.

Mwalimu wa darasa hilo, Imalingat, alikuwa mtu mpole mwenye sheria moja. Wanafunzi wake walikuwa wameshika Injili kwa masikio tangu utotoni, na ukiwapa mstari waliutiririsha wote huku kidole kikiwa bado kwenye neno la kwanza. Kwa hiyo aliwaambia kila siku: soma kilichoandikwa, usisome unachokijua. Benedeta aliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja.

Akaanza kumsomea Mugeni kitabu wakichambua maharage. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, polepole. Kitabuni, msichana aliyeimba na Patricia aliitwa Stella. Alikuwa mweupe, mwembamba, mwenye nywele ndefu. Usiku wa kutoroka walikwenda wote wawili mpaka langoni, lakini Stella akatetemeka, akasema anaogopa, akarudi ndani, na Patricia akaruka peke yake. Benedeta aliona kwamba sivyo. Moyo ulimsukuma aseme Mugeni, lakini pale palikuwa pameandikwa Stella, naye alikuwa mwanafunzi. Akasoma Stella. Mugeni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema dada yake amejua kusoma kweli. Benedeta akafurahi, akamshukuru Mungu kwa macho aliyompa uzeeni.

Kitabu kilisomwa darasani, kikasomwa makanisani, kikasomwa redioni kila Jumapili baada ya ibada. Sura ya Stella ilirudiwa mara nyingi kwa kuwa iliwaliza watu.

Mabadiliko ya Mugeni hayakuja kwa haraka. Kwanza alisahau wimbo wa Kisamia ambao mama yao aliuimba akisaga ulezi. Kisha nywele zikarefuka, na weusi wake mzuri ukafifia. Halafu vijiwe vikaanza kumpita. Mteja mmoja alirudisha maharage na kipande cha jino lake mkononi, na Benedeta akaomba msamaha. Jioni moja, wakati wa kuondoka, Mugeni alifika langoni akasimama. Magoti yalikuwa yakimtetemeka. Benedeta alimshika mkono akamvusha mpaka barabarani, na tangu siku hiyo ikawa kazi yake kila jioni.

Alimwita kwa jina, hakugeuka. Alimwita tena. Akajaribu kusema Stella, na yule marehemu akageuka upesi, kama mtu aliyeitwa kwao.

"Dada, mimi nilikuwa naogopa, sivyo?" aliuliza.

"Wewe hukuogopa. Wewe uliimba."

"Lakini ni wewe umenisomea."

Benedeta aliinamia ungo. Akaendelea kuchambua.

Patricia alipokuja Tororo kukitangaza kitabu, Benedeta alivaa gomesi yake ya kanisani akaenda. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa. Mstari wa mbele, katikati ya wachungaji na wake zao, alikaa Mugeni, mchana kweupe, nywele zake ndefu zimechanwa vizuri. Mhudumu alikuwa amempa soda na mrija. Watu walipopiga makofi, naye alipiga.

Baadaye Benedeta alipanga foleni na wale wanaotaka kitabu kitiwe sahihi. Patricia alimtambua mara moja. Aliinuka, akapiga magoti mbele ya watu kumsalimu dada mkubwa, kisha akamvuta pembeni. Alikuwa amenenepa na amechoka. Chini ya poda macho yake yalikuwa yaleyale ya msichana aliyefika Busia na miguu iliyovimba.

"Ulibadilisha jina lake," Benedeta alisema.

"Wakili ndiye alitaka, dada. Majina yote. Kuwalinda watu."

"Huyo amekufa. Mnamlinda na nini?"

Patricia alifunika kalamu aliyoishika.

"Lako hukubadilisha," Benedeta akasema.

"Langu ndilo linauza kitabu, dada yangu." Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayetaja bei ya mafuta ya taa.

Benedeta akauliza habari ya lango. Patricia alieleza kwamba mhariri alimwambia wasomaji hawatampenda mtu aliyekimbia akamwacha mwenzake akiimba. Alijaribu kuandika ile ya kweli, akashindwa kuimaliza. Akaandika hii, na hii ikamalizika.

"Siku hizi nikimkumbuka," alisema, akionyesha mstari wa mbele kwa kidevu, "huyo ndiye anakuja. Yule mwingine namtafuta simwoni."

Vitabu vilikwisha kuchapwa, vingine vilikuwa melini. Patricia aliahidi kumwombea, naye Benedeta akaahidi vilevile, na wote wawili walikuwa wakweli. Alirudi Busia na nakala yenye sahihi.

Alikuwa na tumaini moja lililobaki. Mangeni, mtoto wa kaka yao Wabwire, alikuwa ameoa binti kutoka Mukuju aitwaye Acom, na Acom alikuwa na mimba. Mugeni hakuacha mtoto duniani. Kwa Wasamia, mtu wa namna hiyo ana njia moja tu ya kurudi: mtoto wa ukoo alie, aitiwe majina ya waliokufa, na jina atakalonyamazia ndilo atakaloitwa. Kuita ni kazi ya shangazi. Benedeta alikuwa ameliweka jina hilo mdomoni miaka yote, akilingoja kama vile mtu anavyotunza mbegu.

Mtoto alizaliwa wa kike. Kwa siku mbili alinyonya vizuri, kisha akaanza kulia na kukataa ziwa. Muuguzi alimpima, hakuona ugonjwa, akawaambia warudi nyumbani wafanye ya nyumbani, kwa sababu na yeye alizaliwa katika nyumba yenye mila hizo.

Siku ya tatu ya kilio, alasiri, Benedeta aliketi karibu na Acom. Mtoto alikuwa amepungua, sauti imekwaruza kama mlango mkavu. Benedeta akaomba, kisha akaita Mugeni, na Acom akamwekea mtoto ziwa mdomoni. Mtoto akageuza kichwa akalia. Benedeta akaita tena, akataja na baba yake na mto wa kwao, ili pasiwe na kosa. Mtoto akalia. Akaita bibi, akaita mama wa bibi, akaita shangazi wa zamani ambao hata makaburi yao yamepandwa mihogo. Jua likashuka. Kilio kilikuwa kimebaki pumzi tu.

"Senge," Mangeni alimwambia shangazi yake, "jaribu lile la kitabu."

"Hilo halina mtu. Lilitoka kwa wakili."

Acom hakuinua uso. "Senge, mtoto nakufa hapa mikononi yangu," alisema. "Mimi sitaki kujua imetoka wapi."

Kupitia mlangoni Benedeta aliweza kumwona mdogo wake amesimama nje ya lango, barabarani. Alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili. Siku hizi hata kuingia alihitaji kushikwa mkono, na leo hakuna aliyetoka kumpokea. Alikuwa akimtazama Benedeta kama mtu anayesubiri kusomewa.

Benedeta alimwambia Mungu kwamba Yeye anawajua watu wake kila mmoja kwa jina, na kwamba yeye amechoka. Kisha akasema, "Stella."

Mtoto akashika ziwa. Alinyonya kwa nguvu mpaka Acom akauma mdomo, na maziwa yakamwagika shavuni. Mangeni akakaa sakafuni akafunika uso. Benedeta alipotazama tena langoni hakuona mtu, na jioni zilizofuata alichambua maharage peke yake.

Habari ilimfikia Patricia. Alituma shuka la sufu na ujumbe wa kumshukuru Mungu, akalitaja jina la mtoto katika kipindi chake, na watu wengi walioguswa na sura ile wakapiga simu.

Ubatizo ulikuwa Jumapili. Benedeta, kwa kuwa ndiye aliyeita jina, alimbeba mtoto mbele. Katekista aliuliza jina, akaambiwa, akasema ni zuri. Halafu, kwa kuwa naye ni Msamia na anajua desturi, akauliza ni la marehemu gani.

"La mdogo wangu," Benedeta alisema. "Mugeni."

Mtoto akaanza kulia. Alilia kwa ile sauti ya kukwaruza, akageuza kichwa, na Acom akasogea mbele hatua moja, mkono umeshika kifua. Kanisa likangoja. Benedeta alimvuta mtoto kifuani.

"Stella," akasema. "Mdogo wangu aliitwa Stella."

Mtoto akanyamaza, na katekista akamimina maji.