Cheni Iache Igonge

Vumbi liliingia kwanza, kisha wewe. Lilivuka mlango wa gereji likimeta kwenye mwanga wa asubuhi, nawe ukatokea ndani yake, mgeni, mtandio umeushika chini ya kidevu, jicho moja limevimba hata kope hazionekani.

"Wewe ndiye yule binti aliyesoma?"

"Ndimi, dada. Karibu ukae."

Hukukaa. Ulisema mume wako ataleta pikipiki yake nyekundu, ile yenye makelele. "Mdogo wangu, nakuomba, usiinyamazishe."

Nilidhani ni utani. "Dada, sisi tunakula kwa kunyamazisha pikipiki."

"Nikiisikia inakata kona, nawatoa watoto kwa mlango wa nyuma. Ikinyamaza, atatukuta ndani. Nivumilie mpaka Jumamosi. Jumamosi kaka yangu anakuja kutuhamisha."

Nikakuahidi. Ukaondoka, na vumbi likafunga mlango nyuma yako.

Sikiliza, dada, nikwambie ni nini kinachogonga.

Ndani ya injini mna cheni. Hupanda kutoka chini mpaka juu, kuzifungua valvu na kuzifunga. Hukimbia gizani, ndani ya mafuta ya moto, hukimbia kama inayofukuzwa. Ikiachwa, itapiga. Itapiga ukuta huu, itapiga ukuta ule, na siku ikiruka jino moja tu, valvu na pistoni zitauana humo humo ndani.

Kwa hiyo huwekewa mipira miwili migumu ya kuiongoza. Mmoja umesimama wima, unaionyesha njia. Wa pili umejipinda, umeiegemea ubavuni. Na nyuma ya huo uliojipinda kuna kikaza, chuma kifupi chenye springi na meno, kinachosukuma mbele na kisichojua kurudi nyuma. Hapo ndipo kimya kinapotoka. Si kwamba cheni imetulia, dada. Cheni haitulii. Ni mpira unaoliwa, kidogo kidogo, ili nje pasisikike kitu.

Nilisoma uinjinia nikiamini kwamba mashine zikitulia, watu nao watatulia. Bado naamini. Lakini nimeliona jicho lako.

Mume wako alikuja Alhamisi. Kra-kra-kra, kra-kra-kra, kama mtu anayetafuna changarawe. Mjomba, mwenye gereji, alikuwa ametoka. Kikaza kipya kilikuwa rafuni. Mjomba alikiagiza mbali kwa ajili ya pikipiki hiyo hiyo, na kingine kisingefika kabla ya Jumamosi.

"Injinia!" mume wako akacheka. "Funga kikaza. Hii kelele inanitia aibu mtaani."

"Hakijafika, kaka."

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akakitoa rafuni. "Na hiki nini? Kiazi?"

Sijui kudanganya, dada. Nimejaribu tangu utotoni, uso wangu hunisaliti. Nikakipokea kama mtu anayekwenda kukifunga. Nikakibana kwenye jiliwa. Nikainua nyundo.

Pigo la kwanza, springi iliruka mpaka darini. La pili, meno yalimwagika mezani. La tatu sikulihitaji. Nilipiga tu, kwa ajili ya kope zako.

Helmeti yake ilinipata sikioni. Ilinipata tena. Sakafu ikaja juu, yenye oili, yenye baridi, na kiatu chake kikanitafuta mbavu, kikazipata.

"Una wazimu? Nani kakutuma? Sema! Nani kakutuma?"

Mdomo ulijaa damu. Nilimeza. Jina lako sikulijua, dada, na hata ningelijua, ningelimeza pia.

Alipindua sanduku la spana. Alipiga teke mlango. Akaapa kwamba ataipanda hivyo hivyo, kelele na iwe kelele, na kwamba leo mtu nyumbani atamtambua.

Akawasha.

Sikio la kushoto halikuwa na kitu tena ila mlio mmoja mwembamba, wa mbali, usiokoma. Nikageuza kichwa pale pale sakafuni, nikalielekeza la kulia mlangoni.

Kra-kra-kra, ikapanda mtaa. Kra-kra-kra, ikalipita duka, ikaikaribia kona yako, kali, chafu, haina haya.

Watoe watoto, dada. Watoe sasa. Anakuja, na haijanyamaza.