Korona ya Ndama

Jovina alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na kuolewa Kaagya hakukumponya hata kidogo. Kwao Rwamishenye, pale mjini, kila mtu alikuwa na kikombe chake. Huku kijijini kikombe kilikuwa cha yeyote mwenye kiu. Wengine walimwita bibi harusi wa sabuni, wakacheka. Mama mkwe wake, Immakulata, hakucheka. Alimwambia, "Osha mara mbili ukitaka, mwanangu. Maji si yangu, ni ya Mungu." Kwa neno hilo Jovina akampenda, akamwita mama bila kulazimishwa.

Immakulata alikuwa na pumu. Vumbi la kufagia uani lilitosha kumlaza. Ndiyo maana mwaka ule Jovina alikuwa na kazi moja tu kichwani: ugonjwa unaozunguka usimfikie mama.

Ugonjwa wenyewe pale kijijini haukuwa na jina. Jina ulikuwa nalo, dunia nzima ilikuwa inalitaja, ila Kaagya aliyelitamka aliangaliwa kama amejamba kanisani. Watu walizikwa kwa "changamoto ya kupumua." Changamoto, jamani! Changamoto ni tairi kupasuka. Mtu anazama kwa kukosa pumzi akiwa nchi kavu, halafu ndugu zake wanasimama na kusema alipata changamoto.

Basi, ndama wa mama akaanza kuhara. Mharo wa njano, mwembamba, wenye harufu inayokufuata mpaka kwenye sahani. Ulimganda mkiani na mapajani, nzi wakatua, naye amesimama anatetemeka tu. Bwana mifugo, Revocatus, akaitwa. Akamtazama, akawaambia wamtenge na ndama wengine, wampe maji ya chumvi na sukari, wasimwachishe maziwa ya mama yake. Kisha akakosea. Akasema anavyodhani kirusi chenyewe ni cha ukoo wa korona.

"Korona ya ng'ombe lakini," akawahi kuongeza. "Siyo ile ya watu. Kila mnyama ana yake."

Nani alisikia maneno ya mwisho? Mawe! Kijiji kizima kilisikia neno moja. Avit, mume wa Jovina, mwalimu mzima, akamburuta ndama kwa kamba ndefu hadi zizi dogo mwisho wa kibanja, nyuma ya migomba. Matandiko yakachomwa. Maziwa yakamwagwa migombani. Majirani wakaanza kuzunguka njia ya mbali wameziba pua kwa kanga. Na mlangoni pa zizi ikawekwa ndoo ya maji na sabuni, ileile aliyoomba Jovina iwekwe mlangoni pa nyumba, akaambiwa atafukuza wageni.

Aliyemwendea ndama ni Immakulata peke yake. Alimnywesha kwa chupa, akimsemesha kwa Kihaya kama mtoto.

Wiki hiyohiyo akaja Mjomba Byarugaba, kaka yake Immakulata, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba. Aliingia akikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito kinachotoka na kitu, na kile kitu Mjomba alikitema palepale kando ya kizingiti, akakifukia kwa kisigino.

"Mafua ya ziwani," akasema. "Hata wenzangu kule kambini wanayo. Changamoto kidogo tu. Hivi ni kweli mna korona hapa? Nimesikia njiani. Mimi zizini sisogei!"

Akacheka, akakohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja, na kiganja hichohicho akakitia kwenye kikapu cha kahawa ya kutafuna. Alichambua, akachagua, akarudisha alizozikataa. Jovina alikiondoa kile kikapu akakimwaga chooni, halafu akanawa mpaka viwiko. Akamwomba Avit amlaze mjomba nyumba ya uani. Avit akamtazama kama hamjui. "Nimlaze mjomba wangu uani kama ndama?"

Jioni ile ukoo ulikusanyika sebuleni, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikaletwa na mrija wake. Nyumba ile ilikuwa na desturi: mgeni anakunywa kwanza, kisha anamkabidhi mrija mwenye nyumba, na mwenye nyumba, ambaye hapa ni Immakulata, anapokea kama ulivyo. Kuupangusa ni tusi. Ni kumwambia mgeni mdomo wake ni mchafu, na mtu aliyepanguziwa mrija harudi tena mlango ule.

Jovina akaja na bilauri mbili safi, amepiga magoti kama inavyotakiwa. "Mjomba, naomba nikumiminie humu, waitu, tafadhali. Na mama nimmiminie yake."

"Mimi ni mgonjwa?" Mjomba akauliza, macho kwa watu wote. "Immakulata, huyu mkweo ananiona mimi ni ndama?"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akavuta rubisi kwa nguvu, mashavu yakaingia ndani. Kikohozi kikamkamata katikati, akakohoa mrija ukiwa mdomoni, povu likatoka kibuyuni. Alipoutoa, uzi wa mate mazito ulikuwa umening'inia kutoka ncha ya mrija hadi mdomo wake wa chini. Ukanyooka, ukakatika. Akamnyooshea dada yake.

Jovina akainuka kutoka magotini. "Mama, usinywe!" Akanyoosha mkono aunyang'anye ule mrija.

"Jovina!" Avit alifoka. "Huna adabu? Nenda jikoni!"

Sebule nzima ikamtazama Immakulata. Immakulata akamtazama kaka yake, akatabasamu, akauweka mrija mdomoni na kunywa.

Kabla ya Jumapili ya pili mama alikuwa hospitalini mjini Bukoba, bomba la oksijeni puani, kifua kinapanda na kushuka kama mtu anayepanda mlima mbio. Kucha zilikuwa za bluu. Ndama wakati huo alikuwa amepona, anarukaruka. Mjomba naye alikuwa amepona. Alisimama miguuni pa kitanda na Avit na ndugu wengine, sauti imemrudia vizuri.

"Mnaona sasa?" akasema. "Nilisema. Ni yule ndama. Dada yangu huruma imemponza, alikuwa anamkumbatia mnyama mwenye korona!"

Ndugu wakaitikia kwa kichwa. Avit akainamisha uso. Jovina akafungua mdomo, lakini Immakulata aliinua mkono kumzuia.

"Ndiyo, ni ndama," akasema kwa pumzi ndogondogo. "Nilimshika sana."

Mjomba akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wakatoka mmoja mmoja kwenda kuwapigia wengine simu, korona ya ndama sasa ikitamkwa bila aibu yoyote.

Jovina akainama sikioni mwa mama mkwe wake. "Mama, unajua si ndama."

"Najua." Akapumzika, akaitafuta hewa. "Yale mate niliyaona, mwanangu. Hata mimi nilisikia kinyaa."

"Sasa kwa nini ukanywa?"

"Ni kaka yangu. Watu walikuwa wanaangalia."

Hakusema tena lolote la maana. Alifariki asubuhi iliyofuata, mkono wake ukiwa mikononi mwa Jovina.

Walipomtoa Jovina wodini, ukoo ulikuwa umejaa kwenye korido, wanawake wanalia, Avit ameegemea ukuta. Mjomba Byarugaba alikuwa mbele yao wote, macho mekundu kwa machozi ya kweli, mikono ameipanua amkumbatie mkwe wa dada yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Njoo."

Jovina akarudi nyuma hatua moja. Vilio vikakatika. Avit akaita jina lake kwa sauti ya onyo.

"Usiniguse, Mjomba," Jovina akasema, kwa sauti ambayo korido yote ilisikia. "Una korona ya watu, na unanitia kinyaa."