Brashi ya Dakta Poda

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini huyu wetu alijinyoa mwenyewe, tena bila kioo, na hakuwahi kujikwaruza. Hiyo ndiyo ilikuwa jeuri yake. Wateja walimwita Dakta Poda, na halikuwa jina la masihara. Ndani ya kopo la poda, ile ya kupaka shingoni ukishanyolewa, alikuwa anapasua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua wadudu wa magonjwa, na kuuchanganya unga wake humo. Uwe na kidonda, uwe na vipele, uwe huna hata doa, utapigwa brashi ya shingo, pu pu pu, uondoke unanukia. "Kwangu mimi hakuna mtu anayeota jipu," alijigamba. Watu walicheka, na walirudi.

Vidonge vilitoka wapi? Nyumbani, jamani, vitoke wapi tena! Mtu akiumwa koo ananunua dozi, anameza mpaka apate nafuu, anaacha, na masalio mke wa Dakta anayatia kabatini. "Dawa haitupwi," husema mama huyo, utadhani anazungumzia wali wa jana. Wateja nao walileta masalio yao. Hakuna aliyeona ubaya.

Basi binti yake wa pekee akajifungua mtoto wa kiume, akaja kupumzika kwa wazazi wake. Nani atamnyoa mtoto? Swali gani hilo! Babu mtu alitoka kazini na mkoba wake wa vifaa, akanawa mikono juu juu, akampakata mjukuu, akaanza. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mtoto hata hakulia. Karibu na sikio wembe uliteleza, damu ikachungulia kidogo. Binti alishtuka.

"Ah, mwanangu, hiyo nayo damu?" Akachovya brashi kwenye kopo, brashi ileile iliyotoka kwenye shingo za watu tangu asubuhi, akampiga mtoto kichwani. "Tayari. Ameshapona huyo."

Hakupona. Kichwa kilivimba, joto likapanda, mtoto akaacha kunyonya. Hospitali walimtundikia dawa ya kwanza, haikusaidia kitu. Wakambadilishia, nayo ikapita mwilini kama maji. Walichukua usaha wakaupeleka maabara, na majibu yalipotoka, daktari wa watoto, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwita babu pembeni.

"Mzee, mtoto alipakwa nini?"

Alieleza yote, kopo, vidonge, brashi. Hata hakujaribu kuficha.

"Wadudu wa shingo moja umewahamishia shingo nyingine," daktari alisema. "Na ile dawa uliwaonjesha kidogo kidogo. Dhaifu wamekufa, sugu wamebaki, wamezaana. Sasa tukiwapiga kwa dawa hizohizo, wanatucheka. Imebaki moja. Tuombe Mungu."

Babu alisubiri moyo umuume. Haukuuma. Ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na akawa anatazama vigae vya ukutani. Binti yake alikaa kwenye benchi, hakumlaumu, hakumtazama. Mkewe alilia kwa niaba ya wote. Yeye alikwenda kuwanunulia chai, akarudi nayo, ikapoa mkononi mwake.

Dawa ile ilishika, lakini polepole, na mtoto alilazwa mpaka manesi wakamzoea kama wa kwao. Siku ya kuruhusiwa nesi aliwakalisha chini. Mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Kila mtu na taulo lake. Kidonda kifunikwe. Chanjo zisirukwe hata moja. Mafua yasitafutiwe vidonge vya rangi mbili, maana hayasikii dawa hiyo, na daktari akikuandikia dozi, umeze kama alivyosema, usimgawie jirani. "Dawa zinatuishia nguvu," alisema, "kinga ndiyo imebaki." Binti akamchukua mtoto, akaenda kwa mumewe.

Dakta Poda aliyatekeleza yote, kimyakimya. Masalio ya kabatini aliyarudisha kwenye duka la dawa. Kazini alichemsha vifaa, akabadilisha kitambaa kwa kila mteja, akanawa mpaka ngozi ikapasuka.

"Dakta, poda vipi?" waliuliza.

"Hakuna poda."

"Ala! Umetukasirikia?"

"Sijakasirika."

Kweli hakuwa amekasirika. Hakuwa chochote. Alikula kwa sababu sahani ililetwa, na alilala kwa sababu taa ilizimwa. Mkewe alimwambia, "Mume wangu, mtoto amepona, shukuru basi." Akashukuru kwa mdomo.

Kisha binti akaja kuwatembelea. Alimkuta baba yake ameshanawa, ameketi mikono juu ya magoti kama mgeni. Akamwekea mtoto mapajani.

"Mshike, baba. Wewe unanawa kuliko sisi sote."

Mtoto alikuwa mzito, alimkodolea macho, akamshika kidole akang'ang'ania. Nywele zilikuwa zimerefuka, zimezunguka kovu la karibu na sikio, maana pale hazikuota tena. Mkono wa kinyozi ukaenda wenyewe, ukazipima kwa vidole.

"Zimekua hizi," alisema.

"Zimekua," binti alijibu kwa upole, huku akimrekebishia mtoto soksi. "Ila usijisumbue, baba. Tumeshapata kinyozi kule kwetu. Atamnyoa Jumamosi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Baba alitoa mkono wake kichwani kwa mtoto, na hapo kitu kikamchoma kifuani, kwa nguvu. Iliuma. Iliuma sana.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Mwambie achemshe vifaa kwanza."

"Nitamwambia, baba."