Mkono Ulioshika Mlango

Phelista alitoka kwenye ukumbi wa maonyesho mjini Kitale amefura kwa hasira, nusura ampige kikumbo mlinzi mlangoni. Ndani kulikuwa na picha kuukuu ambazo mzungu fulani alizipiga zamani za ukoloni: mapango ya Mlima Elgon, chemchemi, misitu ya matambiko. Watu walikuwa wakizistaajabia huku wakinywa soda. Yeye alikwama mbele ya moja tu.

Ilikuwa picha ya ndani ya namwima, kile kibanda kidogo ambamo ukoo wao kule Matulo huzungumza na wazee waliotangulia. Mgeni haonyeshwi ndani yake hata kidogo. Babu yake, Khisa, alitengwa kwa kosa hilo, ati ndiye aliyemfungulia mzungu mlango. Na Jairus, mwana wa Khisa na baba yake Phelista, amezeekea nje ya lango. Kila tambiko anasimama huko peke yake kama mwenye ndui. Lakini mtu aliyeshika mlango pichani, aliyeonekana mkono tu, alivaa bangili pana ya pembe ya ndovu, yenye ufa. Bangili hiyo hurithiwa baba kwa mwana, na haijawahi kutoka kwa kina Wepukhulu. Mzee Wepukhulu anaivaa hadi leo, na ndiye anayemzuia Jairus kuingia. Watu wengine hawana haya!

Phelista aliipiga picha ile kwa simu, akaichapisha kubwa, na siku ya tambiko akafika nayo Matulo.

Wazee wakaipokezana. Walitazama picha, wakatazama mkono wa Wepukhulu. Wepukhulu akavuta mkono wa koti hadi vidoleni.

"Hiyo ni ndani ya namwima!" akafoka. "Mwanamke haangaliagi hapo! Sasa umetuletea mkosi ingine. Toka!"

Hebu sikia! Ameshikwa yeye, anayekaripiwa ni mwenzake. Phelista akamsogelea.

"Nitatoka, mzee. Nimeangalia, na kosa yangu nabeba mwenyewe. Si kama nyinyi, mlibebesha baba yangu kosa yenu mkanyamaza!" Akageukia langoni. "Baba, ingia."

Hakuna aliyethubutu kumzuia Jairus. Aliingia polepole na fimbo yake, akawapita wazee wote, akasimama mbele ya Wepukhulu.

"Nafasi yako ni ile pale nje," akamwambia. "Nimekushikia vya kutosha."