Profesa Anapimwa

Fundi cherehani alijua jambo moja kuhusu kupima: mtu hapimwi bure. Ukiona tepu imetoka, mkasi uko njiani. Kwa hiyo shule ilipomwita ili bintiye wa miaka sita apimwe usomaji, machale yakamcheza.

"Mwanangu anajumlisha kichwani kumshinda mwenye duka," alimwambia mpimaji, mama mpole kupita kiasi. Upole wenyewe aliutilia shaka. "Mtaani wanamwita Profesa. Sasa mnatafuta ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, dada. Watoto wakali kama huyu ndio hodari wa kuficha."

Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele afiche nini? Fundi akakaa pembeni, macho hayabanduki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishasikia kwamba nafasi ya mwanawe katika darasa la vipaji inamezewa mate na wakubwa.

Mpimaji akasogeza kitabu kipya. Profesa akakifunika kwa kiganja. "Soma wewe kwanza, mwalimu. Nione kama unajua."

Fundi akatabasamu. Ndio mchezo wao wa kila jioni: yeye husoma akitia uzi, mtoto hurudia bila kukosa neno.

"Leo sijui," mpimaji akasema. "Nisaidie."

Profesa akaitupia picha jicho, akasoma kwa madaha, kidole kikitembea: "Paka amelala kwenye kiti. Amechoka sana."

Fundi akanyoosha shingo. Chini ya paka yule pameandikwa: Mvua ilinyesha mpaka asubuhi.

"Umemtegea mtoto."

"Nimemtegea. Na yeye ametutega sote mwaka mzima."

Fundi akazikumbuka jioni zile. Kumbe mtoto alikuwa akimrudishia chenji yake mwenyewe, naye anapokea na kushukuru.

Profesa alikuwa ameinama, anasokota kifungo. "Herufi zinanichanganya, mama. Ningesema, wangenitoa kwa wenye akili."

Fundi akamgeukia mpimaji. "Atatolewa?"

"Hatolewi. Akili anazo tele. Herufi atafundishwa kwa njia inayomfaa, hapa hapa, kila asubuhi."

"Maneno matamu hayo. Nitakuja kuona mwenyewe."

"Karibu."

"Kila asubuhi."

"Njoo hata na cherehani."

"Mama, itapiga kelele," Profesa akalalamika.

"Basi nitashona kwa mkono," akajibu fundi, akakiburuta kiti chake mpaka mezani.